Iliade na filme "Troie": hasira inaisha namna gani?



Wengi kati yetu wamekwisha kuona filme Troie (kwa Kiingereza: Troy). Inapita kwa televisheni, inapita kwa telefone, na katika nyumba za video wanaionyesha tena na tena. Tunajua Achille namna anavyoruka na upanga, tunajua farasi mkubwa wa miti, tunajua mji unaowaka moto usiku. Lakini ukiuliza mtu: "Umesoma Iliade?", anajibu: "Ndiyo, nimeiona." Jibu hili njo limetusukuma kuandika somo hili.

Kuona filme si kusoma kitabu. Hatusemi ya kwamba filme ni mbaya. Tunasema ni kitu kingine. Basi tuweke vile viwili juu ya meza moja, tuone kila kimoja kinasema nini. (Majina tunayaandika sawa na katika vitabu vyetu vya Kifaransa.)

1. ILIADE NI NINI?

Iliade ni shairi refu sana la Wagiriki wa zamani. Liko na nyimbo 24 na mistari zaidi ya 15 000. Watu wengi wa elimu wanafikiri lilitungwa katika karne ya 8 mbele ya Yesu Kristo, na Wagiriki wenyewe walisema mtungaji wake ni Homère.

Shairi hili halikutungwa kwa kusomwa kimya kimya. Liliimbwa mbele ya watu. Katika miaka ya 1933 mpaka 1935 Mmarekani mmoja, Milman Parry, alizunguka katika Yugoslavia ya wakati ule. Aliwasikiliza waimbaji ambao wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika, akashika sauti zao kwa mashine. Akaona ya kwamba mwimbaji hashiki shairi lote kwa kichwa neno kwa neno. Yeye ana maneno yaliyo tayari, ana njia ya habari, na kila mara anaijenga upya mbele ya wasikilizaji. Parry akafahamu ya kwamba mashairi ya Homère pia yanatoka katika kazi ya namna hii.

Sisi Wakongo jambo hili halitushangazi. Kwa Wanyanga wa Kivu ya Kaskazini, mwimbaji Rureke aliimba habari za Mwindo mwaka wa 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakazitoa katika kitabu mwaka wa 1969. Mwimbaji mwingine angaliimba Mwindo kwa njia yake. Tukumbuke jambo hili. Litatusaidia huko mbele.

2. HABARI YENYEWE

Vita ya Troie, kwa hadizi ya Wagiriki, ilidumu miaka 10. Sababu yake ni Hélène, bibi ya mfalme Ménélas, aliyechukuliwa na Pâris, mtoto wa mfalme Priam wa Troie. Lakini Iliade haielezi miaka ile 10. Inaeleza siku zipatazo 50 tu za mwaka wa kumi. Neno la kwanza kabisa la shairi, kwa Kigiriki, ni hasira. Njo kusema, mwimbaji anatuonyesha tangu mwanzo anataka kuimba nini: si farasi, si mji, ni hasira ya Achille.

Hasira ile ilitoka wapi? Tuangalie vizuri. Mzee mmoja, Chrysès, kuhani wa Apollon, anakuja katika kambi ya Wagiriki na mali nyingi mikononi. Binti yake alitekwa. Anaomba wampe mtoto wake, nao wachukue mali. Waaskari wote wanakubali. Mfalme Agamemnon peke yake anakataa, tena anamfukuza mzee kwa matusi. Mzee anaenda pembeni ya bahari, analia kwa mungu wake, na ugonjwa unaingia katika kambi kwa siku 9. Kisha Agamemnon analazimishwa kumrudisha binti yule. Na kwa kujilipa, anamnyang'anya Achille mateka wake, Briséis. Achille anakasirika, anatoka katika vita, anakaa karibu na mashua zake. Wenzake wanakufa kwa mamia, yeye anaangalia tu.

Wanamtumia Ulysse, Ajax na mzee Phénix kumwomba kwa zawadi nyingi. Anakataa. Mwisho rafiki yake mpenzi Patrocle anamwomba kwa machozi amwache aende vitani kwa mahali pake. Achille anamvika silaha zake yeye mwenyewe, anamtuma. Hector, mtoto mkubwa wa Priam, anamwua Patrocle. Sasa hasira ya Achille inageuka: inatoka kwa Agamemnon, inakwenda kwa Hector. Achille anamwua Hector mbele ya kuta za mji, baba na mama wakiangalia toka juu. Kisha anafunga maiti nyuma ya gari lake la farasi na kuikokota katika mavumbi. Hata kisha maziko ya Patrocle, kila asubuhi anaikokota tena kuzunguka kaburi la rafiki yake.

Shairi linaisha namna gani? Priam, mzee, anatoka mjini usiku na gari lililojaa mali. Anaingia katika kambi ya adui na kubusu mikono ya mtu aliyeua watoto wake. Anamwambia Achille akumbuke baba yake mwenyewe, Pélée, mzee kama yeye, anayengojea mtoto kule mbali. Wote wawili wanalia. Wanakula pamoja. Achille anatoa maiti, tena anaahidi siku 11 bila vita, ili watu wa Troie wafanye kilio chao. Wanamzika Hector. Shairi limekwisha pale.

3. FILME

Filme ilitoka mwaka wa 2004. Aliyeiongoza ni Mjerumani Wolfgang Petersen, aliyekufa mwaka wa 2022. Maneno yaliandikwa na David Benioff. Brad Pitt alicheza Achille, Eric Bana Hector, Brian Cox Agamemnon, na mzee Peter O'Toole alicheza Priam. Picha nyingi zilichukuliwa Malta na Meksiko. Filme inadumu saa mbili na dakika 43. Mwaka wa 2007 ilitolewa nyingine iliyo ndefu zaidi. Yule farasi mkubwa wa filme leo anasimama Çanakkale, katika Uturuki, mji ulio karibu na mahali panapoitwa Hisarlık, ambapo Heinrich Schliemann alianza kuchimba mwaka wa 1870 akitafuta mabomoko ya Troie.

Tena tuwe wenye haki: watengenezaji hawakudanganya mtu. Wao wenyewe waliandika ya kwamba filme ilitoka katika mawazo ya Iliade. Hawakusema ni Iliade.

4. MAMBO YALIYOBADILISHWA

a) Wakati. Miaka 10 ya vita imekuwa wiki chache. Wagiriki wanashuka pwani, na baada ya siku si nyingi mji unaanguka.

b) Miungu. Katika shairi wako kila mahali, wanagombana, wanasaidia, wanadanganya. Katika filme hawaonekani. Ni Thétis tu, mama ya Achille, anayeonekana, lakini sawa na mama wa kawaida katika maji ya pwani.

c) Vifo. Katika filme Hector anamwua Ménélas. Kwa Homère, Ménélas anarudi kwake; katika Odyssée tunamkuta Sparte, amekaa vizuri na Hélène. Katika filme Briséis anamwua Agamemnon mjini Troie. Kwa Wagiriki, Agamemnon anauawa kwake alipokwisha kurudi, na Eschyle alionyesha jambo hili katika mchezo wake wa mwaka wa 458 mbele ya Kristo. Katika filme, Andromaque, bibi ya Hector, anakimbia na mtoto wake kwa njia ya chini ya udongo. Kwa Euripide, katika mchezo wa mwaka wa 415 mbele ya Kristo, mtoto yule anatupwa toka juu ya kuta, na mama anachukuliwa utumwani.

d) Farasi. Hapa tufungue macho! Katika Iliade farasi wa miti hayumo. Kifo cha Achille hakimo pia, wala kuanguka kwa mji. Habari ya farasi iko kidogo katika Odyssée, na iko kwa urefu katika kitabu cha pili cha Énéide, cha Mrumi Virgile. Wale wanaosoma Kilatini watakutana nayo pale. Mwanafunzi akiandika katika ekzame "farasi wa Iliade", mwalimu atajua mara moja ya kuwa kitabu hakijafunguliwa.

e) Patrocle. Katika shairi ni mtu mzima, tena kwa umri anampita Achille. Achille mwenyewe anamtuma. Katika filme ni kijana, mtoto wa ndugu, na anaiba silaha za Achille bila Achille kujua. Badiliko hili linaonekana dogo, lakini ni kubwa. Katika shairi Achille analia rafiki, na tena anajua: "Ni mimi niliyemtuma." Katika filme hana sababu ya kujihukumu namna ile. Hasira yake imekuwa nyepesi kubeba.

5. WABABA WAWILI

Sasa tumefika kwa jambo ambalo hasa tulitaka kusema.

Angalieni mwanzo wa Iliade na mwisho wake. Mwanzoni, baba mzee anakuja katika kambi na mali, anaomba mtoto wake: anafukuzwa. Mwishoni, baba mzee anakuja katika kambi ile ile na mali, anaomba mtoto wake: anapokelewa. Yule wa kwanza mtoto wake alikuwa mzima. Yule wa pili anaomba maiti tu. Katikati ya milango hii miwili wamekufa watu wengi sana.

Na kule katikati, hapana inazaa hapana. Agamemnon anamwambia Chrysès hapana. Achille anawaambia wajumbe hapana. Katika wimbo wa 6 mtu wa Troie, Adraste, anashika magoti ya Ménélas na kuomba uzima. Ménélas anataka kukubali, Agamemnon anakuja mbio kumkataza. Katika wimbo wa 21 kijana Lycaon anamwomba Achille, anauawa. Katika wimbo wa 22 Hector, karibu kufa, anaomba jambo moja tu, mwili wake urudishwe kwa wazazi, Achille anakataa. Njo maana, Priam anapopiga magoti katika wimbo wa 24, msikilizaji anashika pumzi yake. Amekwisha kusikia hapana mara mingi. Anajua mzee anaweza kuuawa pale pale.

Filme imetunza mlango wa pili. Peter O'Toole anabusu mikono ya Brad Pitt, na kwa maoni yetu hii ni sehemu nzuri kupita zote za filme. Hakuna kelele, hakuna upanga, ni wazee na machozi. Lakini filme imetoa mlango wa kwanza. Mzee Chrysès hayumo. Briséis mwenyewe amefanywa kuhani wa Apollon na jamaa ya Hector, na hakuna baba anayekuja kumwomba. Basi mtazamaji anaona baba mmoja tu. Anahurumia, lakini hawezi kujua ya kwamba neno moja la huruma siku ya kwanza lingezuia mabaya yale yote.

Na tena: hasira inaisha kwa sababu gani? Katika filme Achille amekwisha kulainishwa na mapendo yake kwa Briséis. Anamwacha aende na Priam, kisha anaingia katika mji unaowaka kumtafuta, na kule Pâris anamchoma kwa mishale. Ni habari ya mapendo. Ni nzuri, watu wanaipenda. Katika shairi ni jambo lingine. Ni kweli miungu wamekwisha kumwagiza Achille aitoe maiti. Lakini machozi hayakuagizwa na mtu. Anamwangalia mzee wa adui, na katika uso wake anaona mzee wa kwake mwenyewe. Mapendo kwa mwanamke aliye karibu ni rahisi. Kuona baba yako katika uso wa baba wa yule uliyemwua, hilo si rahisi kabisa.

Wala Homère hatudanganyi kwamba sasa ni amani. Siku 9 za kulia, siku ya 10 ya kuzika, siku ya 11 ya kujenga kaburi. Na Priam mwenyewe anasema ya kwamba siku ya 12 watapigana tena, kama ni lazima. Vita haijaisha. Lakini hasira ile, ambayo ndiyo neno la kwanza la shairi, imeisha. Mambo haya mawili yako mbalimbali, na mtu anaweza kumaliza moja hata kama lingine liko nje ya uwezo wake.

Hapa kwetu jambo la maiti ya Hector linafahamika bila kufasiriwa sana. Jamaa ngapi za nchi yetu zilipoteza mtu katika vita, zisipate mwili wa kuzika? Kilio bila maiti hakina mwisho. Mama anaendelea kuangalia njia. Kwa hiyo mtu wa mji mwingine anaweza kusema: "Sababu gani mfalme anahatarisha uzima wake kwa ajili ya mwili uliokufa?" Sisi hatuwezi kuuliza hivyo.

6. JE, FILME ILIKOSA?

Wengine watasema: basi filme iko mbaya, tuiache. Hapana. Tukumbuke waimbaji wa Yugoslavia na mwimbaji wa Mwindo. Habari kubwa inaishi kwa sababu watu wanaiimba upya. Hata Eschyle na Euripide walichukua habari za Troie na kuzigeuza kwa mapenzi yao, na hakuna anayewaita wezi. Kubadilisha si kosa. Swali ni hili: badiliko limeleta nini, na limeondoa nini?

Tuchukue miungu. Kwa kuwaondoa, filme imeacha mzigo wote juu ya watu. Agamemnon wa filme hawezi kusema ya kwamba mungu alimpofusha akili, kama anavyosema katika wimbo wa 19. Anataka nchi za watu, na kwa ajili yake vijana wanakufa, ni yeye. Hiyo ni faida. Hector wa filme pia ni mzuri: anapenda nyumba yake, hapendi vita, lakini hawezi kumwacha ndugu yake. Hapo Eric Bana yuko karibu sana na Homère.

Lakini tuchukue mtoto wa Hector. Katika wimbo wa 6 mtoto anaogopa kofia ya chuma ya baba yake, yenye manyoya ya farasi juu, analia. Baba na mama wanacheka, baba anavua kofia, anaiweka chini, anambusu mtoto. Mtu mwenye kusikia habari hii zamani alijua mtoto yule atakufa namna gani. Njo maana kicheko kile kinachoma moyo. Filme, kwa kumwokoa mtoto, imetupa raha. Na kwa kutupa raha, imetuficha vita inafanya nini kwa watoto.

7. FAIDA KWETU

Basi, ndugu, tufanye namna gani? Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, tusome kisha tuone, au tuone kisha tusome. Lakini tusiseme tumesoma kama tumeona tu. Mwenye kukosa wakati wa nyimbo zote 24, asome wimbo wa 1, wa 6, wa 16, wa 22 na wa 24. Nyimbo hizi tano zinatosha kwa kushika njia ya habari.

Pili, tukiona filme iliyotoka katika kitabu, tuchukue karatasi na kufanya mistari miwili: upande mmoja yaliyoondolewa, upande mwingine yaliyoongezwa. Kisha tujiulize sababu gani. Mara nyingi yaliyoondolewa yanafundisha kupita yaliyoongezwa.

Tatu, katika ugomvi wetu wenyewe, hapa shuleni na kule kwetu, tukumbuke mzee wa kwanza. Agamemnon hakuua mtu siku ile. Alisema tu "hapana" kwa mtu aliyekuja kuomba kwa heshima, tena mbele ya watu wote waliosema "ndiyo". Neno dogo. Angalieni lilizaa nini.

MASWALI YA KUJIBU

1. Iliade inaeleza siku ngapi za vita ya Troie? Inaanza na neno gani?
2. Taja mambo matatu yaliyo katika filme lakini hayamo katika Iliade.
3. Kwa nini ni jambo kubwa kwamba katika shairi Achille mwenyewe anamtuma Patrocle, na katika filme hamtumi?
4. Linganisha Chrysès na Priam: mambo gani yanafanana, na gani yanaachana?
5. Mambo ya kuzungumuzia katika kalasi: Je, hasira inaweza kuisha wakati vita bado inaendelea? Lete mfano toka Iliade, kisha mfano mmoja wa kwako mwenyewe.